Nafasi ya Jina Moja kwenye Gari la Tangawizi

Wenye mboga za kuchambua endeleeni kuchambua, mimi nahitaji masikio tu. Kuna jambo halijaamuliwa mpaka leo, na nimechoka kulisikia likizungushwa kila tukikutana. Nitalieleza lilivyo, kuamua ni kazi yenu.

Huku kwetu milimani Upareni kuna watu watatu. Nakijwa ana pua. Akipita nje ya jiko lako anajua maharage yameshika chini kabla wewe uliyeyabandika hujajua. Fundi Elifuraha ana mikono. Chuma kikipita kwake hakirudi na ufa uleule. Bibi Nangasu ana mdomo. Akisimama kwenye mkutano wa kina mama, waliotaka kumpinga huanza kutafuta kandambili zao.

Na kuna gari. Ni la zamani, la bati, lina mlango wa nyuma unaofunguka upande. Sisi wanawake wa kikundi cha tangawizi tulilinunua kwa tangawizi yetu wenyewe, hakuna mfadhili aliyekuja kupigwa picha nalo. Kazi yake ni kushusha wajawazito hospitali, kule bondeni. Kabla ya gari tulitumia machela mabegani mwa wanaume, na si kila aliyebebwa alifika.

Lakini waliopanda gari walifika hoi. Vichwa viliwagonga, walitapika, wengine walilala usingizi usio wa kawaida. Tukasema ni kona, maana barabara ile inamlegeza hata mbuzi. Na kwa kuwa tangawizi tunayo, tukawatafunisha tangawizi. Walipozidi, nasi tukazidisha tangawizi, tukafunga na vioo wasipigwe baridi.

Ndipo akapandishwa Namsifu, mkwe wa Bibi Nangasu. Alikuwa ameanza kutokwa na damu mimba ikiwa changa. Aliteremshwa bondeni hajitambui. Mimba ilisalimika, daktari akamwonya asithubutu kuzalia nyumbani, kwa sababu damu ile ingeweza kurudi. Siku ya kurudi alipanda lori la mbao, na gari letu likapandisha mlima nyuma yake likiwa tupu. Tuliona aibu.

Mama mkwe wake alipomkumbusha maneno ya daktari, Namsifu alimjibu taratibu, "Mama, nitazalia hapahapa. Nikifa, nife nikijijua."

Kikundi kikakutana. Wengi wetu tulitaka gari liuzwe chuma chakavu, turudie machela.

Zamu ya kufua mablanketi ya gari ilikuwa ya Nakijwa. Alikuja mkutanoni na blanketi moja begani, halijafuliwa, akalipitisha kwetu tulinuse. Tulisikia matapishi na tangawizi. Yeye akasema chini ya tangawizi kuna moshi wa gari, na kwamba hawa wagonjwa hawaumwi na kona, wanavutishwa ekzosi. Tulimcheka. Alimwomba dereva awashe gari pale uwanjani, akaingia nyuma, akajifungia. Tulikuwa bado tunataniana alipofungua mlango na kuinama kutapika, midomo imepauka, gari halijasogea hata hatua.

"Haya," akasema akijifuta mdomo, "nionyesheni kona."

Wazo la kuuza likaishia hapo, tukamwita fundi.

Elifuraha alitandika blanketi kwenye vioo vyote, akaingia ndani gizani, akamwambia dereva amulike tochi kutoka chini. Sakafu ilipitisha mwanga kama chujio la chai. Akalala chini ya gari, akakuta bomba la moshi limepasuka kwenye kiungo, chini kabisa ya pale mgonjwa anapolala. Alilikata, akachomelea kipande kipya, akalirefusha mpaka likatokeza nyuma ya bati. Tundu moja moja la sakafu akaliziba, kubwa kwa bati, dogo kwa mpira. Raba za milango akabadilisha. Cheche zilimwachia mkononi kovu ambalo halifichiki kwa shati la mikono mifupi.

Gari likajaribiwa tupu, Nakijwa akiwa nyuma. Lilishuka na kupanda, hakusikia kitu. Tukapiga vigelegele. Safari iliyofuata lilipakia mjamzito, na Nakijwa akarudi na uso uleule wa pale uwanjani. "Moshi bado upo," alisema.

Fundi alizunguka gari, akaona kilichobadilika. Ni ndizi. Kwetu mwanamke akienda kuzaa, upande wa mume humsindikiza na mikungu, na watu husimama kando ya njia kuangalia ni mingapi. Mikungu hutokeza nje, mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba ukiwa wazi nusu. Gari likienda, upepo hurudisha moshi wa nyuma ndani kupitia uwazi ule. Elifuraha alieleza vizuri kabisa, ila alipoulizwa nani atawaambia wakwe waache mikungu, akakumbuka kuna kazi ameiacha karakana. Hatukumlaumu. Hata sisi tuliangalia chini.

Bibi Nangasu akasimama.

"Mkwe wangu atashuka bila hata chane moja," alisema. "Ndizi zitafuata na lori. Anayetaka kusema namnyima, aje aseme nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Mlango wa nyuma utafungwa."

Kwetu hilo si jambo dogo. Mama yake Namsifu hajamsalimia Bibi Nangasu mpaka leo.

Damu ilirudi asubuhi moja wakati watu wanakwenda shamba. Namsifu alilitazama gari, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa ameshakaa ndani, akapanda. Mlango ukafungwa. Walipita kona zilezile. Bondeni Namsifu aliteremka macho makavu, akamwambia dereva anaendesha kama anapeleka mayai, kisha akauliza kama kuna chochote cha kula, maana ndizi hazikuwepo. Jioni hiyo alijifungua, mama na mtoto wazima. Tangu hapo wote tuliowashusha wamefika wakijijua.

Kikundi kikaamua gari lipewe jina la aliyeliponya, liandikwe juu ya kioo cha mbele. Keria ya mizigo juu ya paa imeacha nafasi ya jina moja tu, hata ukiandika herufi za kubana.

Wa upande wa Nakijwa wanasema bila pua yake gari lingekuwa limeshayeyushwa kuwa masufuria. Wa upande wa fundi wanajibu kwamba pua haizibi tundu. Wa upande wa Bibi Nangasu wanauliza, bomba jipya lilimsaidia nani mlango ulipokuwa wazi? Nakijwa alitoa pumzi yake, fundi ngozi yake, Bibi Nangasu heshima yake. Namsifu alipoulizwa alisema akianza kutaja ataishia kuwataja wote watatu, kwa hiyo tusimuulize.

Mchoraji ameshapanda kwenye stuli, brashi imelowa rangi, anasubiri herufi ya kwanza.

Haya, nyinyi mliosikia yote, mnamwambia aandike nani?