Viti Vilivyofungiwa Kamba

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2013, ukungu ulishuka kutoka milima ya Uluguru hadi kwenye mapaa yetu, na manyunyu yalikuwa yanatua kimyakimya. Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa lini. Hii mliyoisikia sokoni, wajukuu zangu, "Pasipokaa watu hukaa taka," ilizaliwa Morogoro asubuhi hiyo, nami nilikuwepo. Mwanzo wake ni huu.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na uchochoro uliojaa taka. Bwana afya wa kata alisema taka zisipoondoka kabla ya tarehe hiyo, uchochoro utajengewa ukuta pande zote mbili. Sisi wengine tulikuwa na milango ya barabarani. Bi Tausi, mjane aliyeuza vitumbua, alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia uchochoroni. Ukuta ukijengwa, ingembidi ahame.

Basi tukamwomba Mungu, tukashika majembe. Kazi ile ilikuwa tamu kuliko harusi. Matairi mabovu ya gereji tuliyasuka kwa kamba, yakawa viti. Chupa za maji tulizijaza mchanga, tukazipanga kuwa kingo za bustani. Madumu ya mafuta tuliyakata, tukapanda mchicha. Vijana walichora ubao wa drafti kwenye mlango wa kabati lililovunjika, na kete zikawa vifuniko vya soda. Hata waliokuwa hawasalimiani walipokezana ndoo. Tulipomaliza, tulisimama tukitazama, kila mtu akitabasamu peke yake.

Ndipo Mama Kunambi, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akaleta vitambaa vyake vya kudarizi, vile vya kufunikia makochi.

"Asikae mtu," alisema. "Viti hivi ni vya wageni. Tutavizindua bwana afya akija."

Tuliona ni sawa. Nani kwetu hukalia kochi la wageni? Tukafunika viti, tukafunga kamba huku na huku, tukaenda zetu.

Baada ya siku chache tulikuta maganda ya mihogo juu ya vitambaa. Tukafagia. Zikaja nepi. Tukafagia tena, tukakaza kamba, tukasali. Asubuhi ile ya ukungu, saa chache kabla bwana afya hajafika, taka zilikuwa zimefika magotini.

Mama Kunambi aliketi kizingitini akalia. Bi Tausi hakulia. Alituacha tukizoa, akaingia ndani, akatoka na jiko la mkaa na kikaango. Akakata kamba kwa kisu, akavua kitambaa kwenye kiti cha kwanza, akakaa.

"Bi Tausi, utachafua kiti," Mama Kunambi alisema.

"Mwanangu, nisipokichafua mimi kitachafuliwa na nepi. Lete unga."

Tulipomaliza kuzoa, harufu ya vitumbua ilikuwa imepanda. Wazee wawili walikuja wakachukua ubao wa drafti, wakaanza kutaniana. Akina mama walikaa na sinia za mchele, wakawa wanachambua. Mara akatokea Mloka, kijana wa nyumba ya tatu, ana kiroba begani. Alipotuona alisimama kama aliyekanyaga msumari.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, Mloka. Umebeba nini?"

"Napita tu, bibi."

"Haya, pita."

Mloka akageuka.

"Mbona unarudi ulikotoka?"

"Nimesahau kitu nyumbani."

"Hiki ulichobeba hakitoshi?"

Wazee walicheka hadi kete zikamwagika. Mloka naye akacheka. Alipeleka kiroba chake kwenye ghuba la kutupia taka sokoni, akarudi kula kitumbua. Bi Tausi akageuza vitumbua vyake, akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe. Pasipokaa watu hukaa taka."

Kila mmoja alitazama kitambaa kilichokuwa chini, na kamba iliyokatwa.

Bwana afya alifika akiwa amejiandaa kukemea. Alikosa pa kuweka mguu kwa wingi wa watu. Alikagua kila kona, akasogezewa tairi, akakaa.

"Pasafi leo," alisema. "Lakini nasikia mlisafisha na juzi, taka zikarudi. Nani ataniambia kesho patakuwaje? Nisipopata jibu, mafundi wanaanza Jumatatu."

Bi Tausi aliacha kukaanga. Mama Kunambi akasimama, akaokota vitambaa vyake vilivyoloa, akavikunja kwapani.

"Mimi nitakujibu," alisema kwa sauti, mbele ya bwana afya, ya Mloka, na yetu sote. "Mungu ananisikia na ninyi mnanisikia. Sitafunika kiti tena hapa, wala sitafunga kamba. Kila asubuhi nitaleta mchele wangu niuchambulie kando ya Bi Tausi, na siku nikiugua atakaa mwanangu. Mlango huu hautazibwa. Naahidi, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu: pasipokaa watu hukaa taka."