Kindi na Mwisho wa Katuni

Paukwa!

— Pakawa!

Siwasikii. Mmekula?

— Hatujakula!

Basi tuko sawa, hata mimi sijala. Anayetaka kucheka asogee. Anayetaka kutafuna aende zake, hapa hakuna kitu.

Hapo kale wanyama walikuwa na gulio lao, na gulioni palikuwa na mjane mmoja, Bi Kindi. Kazi yake kuuza katuni, vile vitabu vya picha, mnavijua. Tumbili wakishasoma vyao, wanavitupa pembeni. Kindi anabisha hodi, anavinunua kwa bei ya kutupa, kila kimoja konzi ya karanga. Anavipangusa, anagandisha kurasa kwa utomvu, anavipeleka gulioni, kila kimoja kibaba kizima. Konzi inatoka, kibaba kinarudi. Karanga zote zinaingia tunduni, maana masika yanakuja, na masika ya kule yakianza hutoki nje. Tundu likiwa tupu, watoto ndio basi tena.

Siku hiyo Fisi akapita. Akaona karanga, mate chururu!

"Bi Kindi, karatasi hizi ndizo zinaleta karanga?"

"Ni riziki ya watoto, Bwana Mkubwa."

"Hii-hii-hii! Basi kuanzia leo ni riziki yangu."

Akazoa vitabu vyote, na karanga za siku hiyo juu yake. Akaenda kwa tumbili, akanunua vya huko vyote kwa karanga zilezile, akabakiza kikapu kitupu. Gulio lililofuata, katuni ni kwa Fisi tu, na kila moja vibaba vitatu!

Swala akaja. "Fisi, punguza."

"Sipunguzi!"

Nungunungu akaja. "Fisi, punguza."

"Sipunguzi!"

Kobe akaja. Hata hajafungua mdomo.

"Sipunguzi!"

Wakaguna, lakini wakaanza kufungua vikapu. Wangefanyaje? Kindi akaona riziki ya wanawe inakwenda. Akamsogelea Fisi, akakunja mkia kwa adabu.

"Bwana Mkubwa, mbona umekaa kimya na mali yote hii? Nikupigie debe."

"Kwa malipo gani?"

"Bure."

Jamani, mpe Fisi neno bure uone! Meno yote nje.

Kindi akarukia juu ya jiwe. "Njooni! Njooni! Hapa kuna Jogoo Askari! Kijijini mayai yanaibwa, jogoo anakesha, kila unyayo anaupima! Na mwisho, ukurasa wa mwisho kabisa, mwizi ni nani? Babu yake mwenyewe!"

Gulio lote likaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Akashika kingine, akakisema mpaka mwisho. Akashika kingine, akakisema mpaka mwisho. Watu wakajaa, wakapiga makofi, halafu wakafunga vikapu vyao wakaenda nyumbani.

"Mbona wanaondoka?" Fisi akauliza. Kusoma hajui huyo. Mwisho wa kitabu kwake ni jalada.

"Wamekwenda kuongeza karanga, Bwana Mkubwa."

Fisi akangoja. Jua likazama, hakurudi hata sisimizi. Gulio jingine likaja, vilevile, makofi tele, karanga hakuna. Tumbo la Fisi likaunguruma, ngruuu. Akapiga vitabu teke.

"Takataka! Nani atanipunguzia mzigo huu?"

"Mimi ni maskini," Kindi akasema, "nina konzi moja tu."

Ilikuwa konzi ya mwisho tunduni. Fisi akaipokea, akaimeza na maganda yake, akaenda zake analia. Kindi akabeba lundo zima, anaruka, anaimba, "Nimemweza! Nimemweza!"

Nyie mnacheka. Haya, chekeni.

Gulio lililofuata Kindi akapanga vitabu vyake, safi, vinang'aa.

Swala akaja. "Hicho ni Jogoo Askari? Si mwizi ni babu yake?"

Nungunungu akaja. "Na hicho? Si chura anaoa mwishoni?"

Kobe akaja, akachungulia lundo zima, akatikisa kichwa. "Vyote tunavijua, Bi Kindi. Panda jiweni utusimulie kipya. Bure, kama ile siku."

Kindi akaanza kukusanya vitabu vyake. Mawingu yakajifunga. Ndo! Ndo! Ndo-ndo-ndo! Masika hayo.

Akavikokota vitabu tunduni, akawatandikia watoto, akawafunika kwa vilivyobaki. Karanga hata punje. Wakalala juu ya katuni wanasikiliza mvua.

"Mama," mdogo wao akasema, "tusomee mwisho."

"Mwisho mnaujua, mwanangu."

Na mvua ile haikukatika.

Hadithi nimeitua hapo, atakayeiokota ni yake. Funzo lake, watoto wangu: mwerevu halali njaa. Haya, itikieni!

— Mwerevu halali njaa!

Vizuri. Na mwisho mmeshausikia. Nani kaja na karanga?

…

Nilijua. Nendeni mkalale.