Skwea ya Fundi Milango

Alikuwepo fundi seremala mmoja, kazi yake milango, na hakuna hata mlango wake mmoja uliofunga sawasawa. Juu unakwama kwenye fremu, chini paka anapita. Wateja wakilalamika, anawaka: "Kuta zenu zimepinda! Mbao mmeniletea mbichi!" Watu walikuwa wamemchosha, jamani. Aliona yeye ndiye anayeonewa.

Siku moja akaja mama mjane, mara ya tatu kwa mlango uleule.

"Fundi, nalala nimeuegemezea meza. Mpaka lini?"

"Mama, nimeupima kona zote nne kwa skwea hii hapa. Mlango umenyooka!"

"Na skwea yenyewe umeipima?"

Fundi akacheka kwa hasira. Skwea ndiyo chuma cha kupimia kona, ipimwe tena na nini? Alisahau kwamba mwaka juzi ilimponyoka kutoka juu ya paa ikapiga sakafu. Aliifuta vumbi tu, akaendelea na kazi.

Mama hakubishana. Akafungua kikapu, akatoa skwea ya marehemu mumewe, naye alikuwa fundi, akaiweka juu ya ile nyingine. Hazikulingana hata kidogo.

"Umeona, fundi?"

Fundi akaona. Miaka miwili ya kugombana na kuta za watu! Mnadhani alisemaje? Aliomba radhi?

"Ya marehemu ndiyo iliyopinda," akasema. Akaishika, akailaza kwenye benchi, akachukua nyundo, akaigonga mpaka ikalingana na yake. Kisha akamrudishia yule mama.

Mnaguna? Mnamguna nani? Mungu hakuumba mtu aliyepinda. Alituumba kwa mfano wake, tumenyooka, tukaanguka, na tangu hapo tunapimana kwa kipimo kilichoanguka. Mume anapinda, mke anapinda, mwenyekiti wa kwaya ndiyo usiseme, ila mimi? Mimi nimenyooka! Hata mimi mchungaji wenu, juzi nimemfokea mama watoto, na nikaenda kulala nikijiona nina haki. Inachosha, ndugu zangu. Tunachosha!

Na alipokuja Mmoja aliyenyooka kweli, akasimama karibu nasi mpaka kupinda kwetu kukaonekana, tulimfanya nini? Tulisema Yeye ndiye mkosaji. Tukachukua nyundo, na misumari.

Sasa Yeye yuleyule, mwenye makovu mikononi, anakuomba ujiweke mikononi mwake akunyooshe. Utampa, au utaendelea kugombana na kuta?