Fremu ya Kona

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, ni hii ya juzijuzi ambayo shangazi zenu wanaikumbuka, mji wa Vumbwe ulianza kutoza ushuru wa maegesho. Ukiacha gari mbele ya maduka ya katikati ya mji, unalipa kwa saa.

Sasa, kununua kitenge Vumbwe si jambo la haraka. Mteja anakaribishwa, anakalishwa, anataja bei ya dharau, anaondoka kwa hasira, anaitwa, anarudi. Ushuru ulipokuja, aliyeondoka kwa hasira akawa anapanda gari lake moja kwa moja, na harudi. Baadaye wateja wakaacha hata kuja.

Aliyeumia kuliko wote ni Nakijwa, muuza vitenge. Fremu yake, chumba cha duka alichopanga, ilikuwa nyuma ya ngazi, na mwenye jengo ameshamwambia ahame. Akikosa pa kuuzia, anarudi kijijini kulima tangawizi, na tangawizi alikuwa haipendi hata kwenye chai.

Ndipo Bibi Namkunda, mwenye fremu ya kona inayoonekana na mtaa mzima, akatangaza: "Atakayewarudisha wateja, fremu ile nampangisha yeye."

Nakijwa akajitwika vitenge, akawafuata watu dirishani mwa magari. Bei ikagombewa injini ikinguruma. Mteja akikasirika anaondoa gari, Nakijwa anamwita, gari linarudi kinyumenyume. Gari ambalo injini haijazimwa halitozwi.

Jirani yake Mshana, muuza magodoro, akagundua kwamba ushuru ni wa gari lisilo na mtu. Akawakusanya wastaafu waliokuwa wakishinda nyumbani wakigombana na wake zao, akawakalisha ndani ya magari ya wateja. Wakasikiliza redio, wakanywa kahawa, na wengine mteja akirudi hawataki kushuka.

Mtaa ukajaa tena. Siku ya kuamua, Bibi Namkunda akaja na ufunguo mkononi.

"Bibi, mimi ndiye niliyeanza," akasema Nakijwa. "Watu walikuja kwa sababu yangu, hao wa magodoro wakafuata. Na mwenzenu sina pengine pa kwenda."

"Dada yangu, wewe umewauzia wakiwa wamekaa," akasema Mshana. "Mimi nimewashusha. Mtu akishashuka ndipo ananunua viatu, sufuria, na vitenge vyako pia."

Ngoda, mtoza ushuru, akajisogeza. "Shikamoo, Bibi. Fremu naiomba mimi. Mke wangu anashona."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Chekeni tu. Kabla ya ushuru, haya maegesho yalijaa magari ya nani? Yenu. Kila mwenye duka analeta lake tangu alfajiri, ionekane biashara inakwenda. Mteja anazunguka, anakosa nafasi, anarudi kwao. Nilipoanza kuwatoza, mkayaondoa. Hao wa dirishani na hao wenye wazee ndani, wamesimama wapi kama si pale nilipopafungua mimi? Nakijwa, pikapu yako isiyo na betri ilikaa pale tangu lini?"

Nakijwa aliona aibu, na hasira ikampanda juu ya aibu. "Ile ilikuwa tangazo," akasema. "Niliitundikia vitenge."

"Nafasi ulifungua, lakini watu uliwafukuza," Mshana akamwambia Ngoda.

"Wewe ukawafundisha kunikwepa," Ngoda akajibu.

Bibi Namkunda akaugeuzageuza ufunguo. Akimpa Nakijwa, amemtuza aliyeziba nafasi ya wateja. Akimnyima, kesho mtu yuko shambani. Akimpa Mshana, ametuza ujanja. Akimpa Ngoda, mtaa mzima utamnunia.

Haya, mnaonisikiliza, msitafune maneno. Bibi ameliacha gari lake mbele ya magodoro, halina mzee ndani, na Ngoda ameanza kulitupia jicho. Mwambieni upesi: aliyewafuata wateja, aliyewashusha, na aliyewapatia nafasi huku akiwafukuza, je, nani alistahili ule ufunguo?