Sato Aliyeyakataa Mate ya Chawa

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwapeleke chini ya maji.

Hapo zamani za kale, ziwani palikuwa na kizimba cha nyavu, kimejaa sato wa kufugwa. Chakula kilidondoka kutoka juu, topo, topo, topo. Sato wakala, wakanenepa. Humo aliishi Nyanzobe, sato jike, na mdogo wake Misoji.

Siku moja Chawa wa majini akapita nje ya wavu. Samaki ana ute mwilini, na ute una harufu. Chawa akanusa, akaifuata. Akapenya tundu la wavu, akamganda Misoji chini ya pezi. Akatoboa ngozi, akatema mate, akaanza kufyonza. Fyo, fyo, fyo.

Sasa sikilizeni. Ndani ya ngozi ya samaki wamo walinzi, wadogo wasioonekana kwa jicho. Adui akitoboa, huyu humpa habari yule, yule humpa mwingine, mpaka pakawaka, pakavimba, adui akashindwa kukaa. Lakini mate ya Chawa yalikuwa na dawa. Dawa ile iliwashika walinzi mmoja mmoja, ikawaziba masikio. Habari haikutoka.

Misoji hakuhisi maumivu. Kila alipoulizwa alisema yu mzima, ana usingizi tu. Akakonda, bado anasema yu mzima. Asubuhi moja wakamkuta anaelea, tumbo juu.

Nyanzobe alilia sana. Katika kulia kwake akajigonga ubavu kwenye wavu, asihisi kitu. Akageuka kutazama. Chawa kamwacha Misoji, yuko pale, kaganda.

"Dada, mbona wahangaika?" Chawa akamuuliza. "Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi tulia."

"Mdogo wangu naye hakuumwa," Nyanzobe akasema. "Nitautafuta uchungu huo mpaka niupate."

Akamwendea Dagaa, ambaye hupita matundu ya wavu atakavyo na anayajua ya nje. Dagaa akamweleza kwamba sato wa huko wakishikwa na chawa hupanda juu kabisa, maji yanapochomwa na jua. Mwili ukipata joto, walinzi huzinduka. Ila akamwonya: juu ya kizimba amesimama Mnandi, ndege mweusi, na mdomo wake unapita kwenye matundu. Sato wenzake nao wakamsihi abaki chini, kwenye ubaridi.

Nyanzobe akapanda.

Maji yalikuwa moto. Mnandi akashusha mdomo, chwa, akakosa. Akashusha tena, chwa, akaondoka na kipande cha pezi. Nyanzobe hakushuka. Kichwa kikamzunguka, matamvua yakahema, hakushuka. Chawa akatema mate, akatema tena, akamwambia kwa sauti tamu kwamba chini kuna kivuli.

Ndani ya ngozi mlinzi mmoja akashtuka. Akamwita wa pili. Wa pili akaita wengine. Ubavu ukaanza kuwasha, kisha kuuma, kuuma kweli kweli.

"Ndio huu," Nyanzobe akasema, akauma meno.

Ngozi ikavimba, ute ukawa mzito, mdomo wa Chawa ukasukumwa kutoka ndani. Akajaribu kushika, akateleza. Akashika tena, akateleza. Pwa! Akaanguka kwenye maji, na Dagaa, aliyekuwa akisubiri pembeni, akammeza.

Nyanzobe akashuka taratibu, ubavu mwekundu, pezi limechanika. Sato wenzake wakamzunguka. Wengi wao walikuwa na chawa, na wote walisema ni wazima. Wakamuuliza kama kule juu kunauma.

"Kunauma," akawajibu. "Twendeni."

Akatangulia yeye, akiwa na kidonda chake. Wakamfuata.

Basi jueni, wanangu na wakubwa zangu: anayekunyonya hukutuliza kwanza. Ukiona huumwi huku unakonda, usishukuru. Uamshe mwili wako, uvumilie uchungu wake, upone.

Mimi hadithi yangu naishusha hapa, nanyi ibebeni.