Mkunga Haulizi Mlangoni

"Mkunga haulizi mlangoni." Mmeisikia leo mkutanini, mama mwenyekiti alipowakatiza wanaume waliokuwa wakipanga zamu za wanawake kisimani, na sasa mmenijia mbio mkitaka kujua ilikotoka. Kaeni basi. Mwanzo wake ni huu.

Milimani kwetu kulikuwa na ukoo mmoja wenye mwiko wake. Mke akishikwa na uchungu wa kuzaa, hasemi na mkunga. Mavyaa yake, yaani mama mkwe, huketi mlangoni, na mkunga akitaka kujua jambo humwuliza yeye. Walisema ni heshima. Mimi naona ni ujinga uliovishwa kanga nzuri, lakini nisiwatangulie.

Nakijwa aliolewa katika ukoo huo. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, na hakuna aliyemwuliza mama mtu neno. Mimba ya pili, uchungu ulimwanza wakati wa kuvuna maharage. Mvua ilikuwa karibu, naye hakutaka kuitwa mvivu. Akauma meno, akavuna siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alianguka shambani, wakambeba hadi nyumbani.

Akaitwa Namkunda, mkunga mpole aliyeheshimu mila za watu. Alimlaza Nakijwa chali, akageukia mlangoni.

"Uchungu ulianza lini?"

"Leo asubuhi," akajibu mavyaa, Bibi Nanzia. Hakudanganya. Ndivyo alivyojua.

"Basi bado mapema. Apewe uji, alale. Nitarudi jioni."

Namkunda akaanza kufunga kikapu chake. Nakijwa alijua kwamba mkunga akitoka, mtoto huyu naye atamfuata mwenzake. Akamshika mkono.

"Niulize mimi."

"We Nakijwa, nyamaza!" mavyaa akamkemea. "Unatutia aibu."

"Aibu nitaibeba, mama. Kuzika tena siwezi." Kisha akamwambia mkunga, "Leo siku ya tatu. Chupa ilipasuka jana mchana. Na hivi chali siwezi, mtoto hashuki. Nataka kupiga magoti."

Namkunda alimtazama Bibi Nanzia, akamtazama Nakijwa, akaweka kikapu chini. Alimshika kwapani, akamsaidia kupiga magoti.

"Haya, mwanangu. Wewe sema nikushike lini, nikuache lini."

Bibi Nanzia aliondoka kwa hasira. Kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, hana sauti. Namkunda akakiondoa upesi, akamsugua mgongo, akampulizia. Mtoto akalia. Mpaka leo nikifika hapa nafurahi, ingawa najua mapema kwamba atalia.

Mavyaa aliwanunia wote wawili mwaka mzima. Kisha binti yake wa mwisho akaja kujifungulia nyumbani, na siku ya uchungu Namkunda akaitwa tena. Mila haifi kwa siku moja: Bibi Nanzia aliketi mlangoni, safari hii kama mama mzazi. Mkunga alisimama mbele ya Bibi Nanzia kwa adabu, akauliza, "Bibi, uchungu wa huyu ulianza lini?"

Bibi Nanzia alikuwa amelala chumba kimoja na bintiye, na bado hakujua.

"Pita ndani ukamwulize mwenyewe," akasema. "Mkunga haulizi mlangoni."