Kitanda cha Mama na Wembe wa Fundi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona havielei, usidhani vimezama. Huenda bado vinaundwa, na aliyeahidiwa chombo yumo majini anatapatapa. Wapo wakulima ambao mvua huwakuta dukani wakilinganisha mipini ya majembe. Kazi nzuri kwao haitoshi, na kwa kungoja iliyo bora kuliko zote, huwanyima wenzao hata ile iliyopo.

Seremala mmoja alikuwa wa aina hiyo. Watu walimwita Wembe. Si kwa ukali, maana alikuwa mpole kama maji ya mtungini, bali kwa sababu kila alipounganisha mbao mbili alitoa wembe mfukoni na kujaribu kuupenyeza kwenye kiungo. Ukipenya, hata kwa ncha tu, alibomoa na kuanza upya. Wateja walimsifu sana, kisha wakaenda kununua kwa jirani.

Mama yake alipovunjika nyonga, daktari alitoa sharti moja: asilale chini. Kitanda chake kifike magotini, ili aweze kuteremka bila kujikunja. Kile cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa.

"Niachieni mimi," Wembe alisema pale pale wodini. "Mama akitoka atakikuta kimetandikwa."

Mama alitoka, na hakukuta kitu. Kitanda kilikuwa karakanani, kimeegemezwa ukutani vipande vipande, kwa kuwa wembe ulikuwa umepenya kwenye mguu wa kushoto. Wiki ya pili wembe haukupenya, ila fundi aligundua kwamba ubao wa kichwani haukulandana rangi na mbao za ubavuni. Wiki ya tatu aliupiga msasa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake, ikabidi na wenzake wakondeshwe. Muda wote huo mama alilala kwenye godoro sakafuni. Dada mkubwa wa Wembe, mpishi wa shule aliyezoea kuinua masufuria ya kulisha darasa zima, alimwinua kila alfajiri kwa kumkamata chini ya makwapa, huku mama akiuma upindo wa shuka ili asipige kelele.

Asubuhi moja dada alikawia kidogo jikoni. Mama hakutaka kumsumbua. Akajaribu kunyanyuka mwenyewe. Kishindo kikasikika hadi uani. Dada alimkuta amelala kiubavu, ameng'ang'ania mguu wa kiti. Nyonga ilisalimika, kiwiko kilichubuka.

"Usimwambie mdogo wako," mama alisema. "Atajilaumu, halafu atabomoa tena."

Dada alifika karakanani na aproni yake kiunoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kitanda kiko wapi?"

"Kimebaki kidogo tu. Huu mguu una kifundo cha tawi, ona hapa. Mingine mitatu haina."

"Kifundo kinauma?"

"Kinaonekana."

"Mama hulala amefumba macho, mdogo wangu. Na leo ameanguka."

Uso wa Wembe ulisawijika. Alivua koti la kazi, akavaa viatu, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu dada alivuta pumzi ya matumaini.

"Basi naenda sasa hivi kutafuta ubao mwingine," Wembe alisema. "Siwezi kumpa mama kitu chenye kasoro, hasa baada ya haya."

Akatoka mbio. Dada alibaki ameduwaa kati ya randa na maranda, hasira zimempanda hadi utosini. Kisha akatoka barabarani kuwaita wapagazi wawili na mkokoteni wao.

Adhuhuri Wembe alirudi mikono mitupu. Kati ya mbao zote za ghalani hakuona hata mmoja uliomridhisha. Alipokuta karakana tupu alikimbia hadi nyumbani, na huko akamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa, anakunywa chai.

"Nani amekigusa?"

"Mimi," dada alijibu. "Bolti nane na spana. Kazi ya nusu saa."

Wembe alipiga magoti, akatoa wembe wake, akaujaribu kwenye mguu wenye kifundo. Ulipenya mpaka nusu.

"Mmeona? Baba aliyenifundisha kazi angekiona hiki angelia."

Mama alicheka mpaka akashika nyonga. "Baba yako? Kitanda ulichozaliwa juu yake kilikuwa kinachechemea. Alikunja boksi la viatu akaliweka chini ya mguu mmoja, akasema atalitoa kesho. Likakaa miaka thelathini."

Wembe alisema kwa sauti ya chini: "Stuli yangu ya kwanza aliitia wembe mbele ya wateja. Akaivunja."

"Aliivunja mara moja, na siku ile hakula kwa kujuta. Wewe umekuwa ukiivunja kila siku tangu hapo."

Wembe alijiinua, akaketi kando ya mama yake taratibu, kama anayeketi juu ya mayai. Mbao zilitoa mlio.

"Kinalia," alisema.

"Baba yako alikoroma, na nililala. Lete huo wembe. Tangu hospitali sijakata kucha."

Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauweka kiganjani mwa mama. Lakini ubishi wa fundi haufi kwa siku moja. Akamgeukia dada yake.

"Sawa, kikae. Ila ulichukua kazi ya fundi kabla hajaikabidhi. Kwa hilo tu, dada, niombe radhi."

Dada alikuwa anakunja lile godoro la sakafuni. Alilifunga kamba, akaikaza kwa goti, ndipo akainua uso.

"Sikuombi. Leo sikuombi, na kesho ukikifungua nitakifunga tena na sitakuomba. Wiki tatu umechagua mbao, na mama amelala chini. Mchagua jembe si mkulima."